Nimetolewa kipande cha utumbo, mama kashuka na mkungu wa ndizi. Nile nini?

Mshona_Suti:
Wakuu, salaam. Leo siku ya 13 tangu nipasuliwe. Utumbo mpana ulijisokota, wakakata kipande wakaunganisha palepale, sina mfuko wa choo tumboni. Nyuzi nimetolewa juzi. Siku ya kuruhusiwa niliambiwa "kula vyakula laini", basi, karatasi ya dawa mkononi na jina la mwingine linaitwa. Laini ndiyo nini?

Mama kashuka hapa Arusha kutoka Kibosho na mkungu wa mshare, kidari cha ng'ombe na lita tatu za maziwa. Mtori wake unasimamisha kijiko, mafuta yanaelea juu, na bakuli lenyewe kama la kunawia. Nikibakiza ananiuliza siku hizi chakula chake kimenishinda? Juzi nikamkimbia, nikala makande ya jirani, nusu sahani tu. Usiku ule nililala nimekaa. Tumbo ngoma, hewa haipandi haishuki, mpaka saa kumi alfajiri.

Nilikuwa kilo 66, sasa 58. Suruali nimejipunguzia mwenyewe kwa cherehani. Nirudisheje mwili bila kurudi wodini?

Babu_wa_Pongwe:
Pole sana mkuu. Makande siku ya 11? Ulijitakia, nakwambia kwa upendo. Ganda la mahindi na la maharage halisagiki hata kwa mzima.

Mimi taifodi ilinitoboa utumbo mdogo 2019, nikakaa na mfuko miezi minne. Wenye mfuko wana mambo yao: nilikuwa nakunywa maji matupu kama ngamia, kumbe ndiyo yanazidisha kinachotoka. Nikaelekezwa ORS, ile ya unga wa chumvi na sukari wanaopewa wanaoharisha, pakiti moja kwa lita moja ya maji, na chumvi nisiiogope kwenye chakula. Wewe huna mfuko, usiige hilo.

La kuiga ni kikombe. Nilikula kikombe cha chai kimoja, mara sita kwa siku, sahani nikaificha kabatini. Uji wa sembe, siyo dona kwa sasa. Wali bokoboko. Yai la kuchemsha. Samaki wa mchemsho, mimi ni wa Tanga, changu sikumkosa. Viazi, boga, karoti zilizoiva mpaka zinavunjika. Chungwa unakamua, nyuzinyuzi unaacha. Papai bivu ni rafiki. Na tafuna! Mke wangu alikuwa ananihesabia kama mtoto.

Kijana_Dawa_Asili:
Chemsha mwarobaini unywe asubuhi siku saba, utumbo usafishike kwanza. Chakula kitaingia chenyewe.

Sista_Zamu_ya_Usiku:
Hapana, kaka. Utumbo uliounganishwa juzi hausafishwi kwa kitu. Mshona_Suti usinywe hiyo.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mtori wa mama yako ni chakula kizuri, una kosa la bakuli na mafuta tu. Mwombe achemshe nyama mapema, supu ipoe, aengue mafuta yaliyoganda juu, kisha nyama isagwe na ndizi. Kidonda kinajengwa kwa protini: nyama, yai, samaki, maziwa. Ila maziwa jaribu nusu kikombe kwanza. Yakikuletea gesi na kuharisha, tumia mtindi. Kunywa kidogo kidogo kati ya mlo na mlo, tumbo lisijae maji ukashindwa kula. Tembea uani baada ya kula. Kama dawa ya maumivu uliyopewa ni tramadol, nayo inafunga choo, usilaumu ndizi.

Maharage na dona vitarudi, kidogo kidogo, daktari wako akikuona kliniki akiridhika. Lakini ukitapika, tumbo likivimba na huku hupitishi choo wala hewa, homa ikipanda, au kidonda kikitoa usaha, usije kutuuliza hapa. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Na ule usiku wa makande ungeenda, hata kama uliisha wenyewe.

Babu_wa_Pongwe:
Sista kamaliza. Ongeza kijiko cha karanga zilizosagwa laini kwenye uji, ndizo zilinirudishia mashavu. Punje nzima hapana.

Mshona_Suti:
Mrejesho, siku ya 19. Nilimsomea mama uzi wote. Kwenye bakuli la kunawia alicheka, kwenye kuengua mafuta akanuna, akasema supu isiyo na jicho ni maji ya kuoshea nyama. Kesho yake kaamka saa kumi na moja kuchemsha kidari, kaniletea kwenye kikombe cha bati, kasimama mlangoni mpaka nimemaliza. Saa nne kaja tena. Saa saba tena. Maziwa yalinikataa kweli, mtindi umekubali. Choo napata bila kujikamua. Mzani wa duka la dawa unasema 59.

Mkungu ulikuwa unaiva wote, nusu kawapikia wateja waliokuja kudai suti zao. Wamekula, wamenipa wiki mbili zaidi.