Mkanda wa kiuno au wa pointi tatu kwa kiti cha nyuma cha katikati?

Mkaazi wa Bamburi
Wanajukwaa, hamjambo. Gari letu lililotoka Japani lina mikanda ya pointi tatu (inayopita kiunoni na begani) katika viti vyote isipokuwa kile cha nyuma katikati, ambacho kina mkanda wa kiuno pekee, na hapo ndipo mama hukaa tunapokwenda Malindi. Niuache na kuukaza vizuri, au niweke wa pointi tatu? Nimepata uliotolewa katika gari lililogongwa, kwa bei nafuu.

Fundi wa Changamwe
Ndugu, huo wa gari lililogongwa usiuchukue hata ukipewa bure. Nyuzi zilizokwisha kuvutwa na uzito wa mtu katika mgongano hazina tena nguvu za awali, na kama ulikuwa wa kiti cha mbele chenye kile kifaa cha baruti kinachokaza mkanda papo hapo gari linapogonga, basi kimekwisha kulipuka, wala hakirudii kazi.

Kwa ubora, wa pointi tatu hauna mshindani tangu Nils Bohlin wa Volvo alipoubuni mwaka 1959. Wa kiuno, ambao wengi tuliuzoea katika matatu baada ya kanuni za mwaka 2004 za Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, huzuia nyonga tu. Kifua hurushwa mbele, mwili ukajikunja juu ya mkanda, na tumbo na uti wa mgongo vikaumia. Hata hivyo, boliti ya juu huhitaji sehemu ya bodi iliyoimarishwa kiwandani. Fundi akikutobolea bati tupu, itang'oka.

Bi Kisauni
Nakubaliana na Fundi, ila mkanda bora uliovaliwa vibaya nao huumiza. Sehemu ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, ikigusa mapaja, isipande tumboni; mjamzito auteremshe chini ya mimba. Ya juu ipite juu ya mtulinga na katikati ya kifua, kamwe si chini ya kwapa, maana hapo huvunja mbavu. Sisi wavaaji wa mabuibui tuuvute tena baada ya kuketi, kwani kitambaa kilichokunjamana huacha ulegevu. Na kiti kisilazwe, mtu asije akateleza chini ya mkanda.

Dereva wa Mtwapa
Wa pointi tatu ujaribuni kwa kuuvuta ghafla: ukinasa, huo ndio uzima wake. Nyingi pia hunasa gari linapofunga breki kali, hata kama mkanda haukuvutwa. Ukirudi kwa kusitasita, huenda una mchanga wa ufuoni. Usafishe kwa maji na sabuni laini, bila dawa ya kung'arishia nguo.

Mkaazi wa Bamburi
Shukrani. Basi mama atahamia pembeni, na katikati atakaa mwanangu wa miaka sita juu ya kiti chake cha kumwinua.

Fundi wa Changamwe
Hapana, ndugu. Kiti hicho hutumika na mkanda wa pointi tatu tu. Mtoto naye akae pembeni. Katikati akae mtu mzima, au pabaki patupu.