Waganga 225 walikamatwa, mtoto wa Kwimba hakupatikana. Mnunuzi wa viungo vya watu wenye ualbino alitafutwa na nani?

Wakuu, naomba turudi nyuma kidogo. Usiku wa tarehe 27 Desemba 2014, kijiji cha Ndamhi, wilaya ya Kwimba, watu wenye mapanga waliingia kwenye nyumba ya watu wakaondoka na binti wa miaka minne mwenye ualbino. Polisi Mwanza walitangaza zawadi ya shilingi milioni tatu kwa atakayesaidia apatikane. Wakakamata watu 15, baba mzazi akiwamo. Mtoto hakuonekana, si mzima, si maiti.

Hata miezi miwili haijaisha, tarehe 15 Februari 2015, Chato mkoani Geita, mtoto wa kiume ambaye hata miaka miwili hajafikisha ananyang'anywa mikononi mwa mama yake. Mama aling'ang'ania, akakatwa mapanga. Mwili wa mtoto ulipatikana siku chache baadaye, hauna mikono wala miguu.

Katikati ya matukio hayo mawili, Januari, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alipiga marufuku waganga wapiga ramli. Machi polisi wakatangaza wamekamata waganga zaidi ya 200. Hesabu iliyosomwa ilikuwa 225. Magazeti yakapamba picha za vibuyu, ngozi na mikia. Nani hakupiga makofi?

Mimi sikupiga. Marufuku ya namna hiyo ilishapigwa Januari 2009, wakati wa Waziri Mkuu Pinda, mwezi uleule aliolia bungeni kwa ajili ya mauaji haya. Waganga walinyamaza kidogo, wakarudi. Ninachosema ni kwamba upelelezi wetu kwenye utekaji huu ulifuata mkono ulioshika panga, na mganga wa kijijini ambaye kila mtu anajua kwake, lakini haukufuata pesa. Ripoti ya Shirikisho la Msalaba Mwekundu ya 2009 ilisema viungo kamili vya mtu mmoja vilifika dola 75,000. Mkulima wa pamba wa Kwimba hana hizo. Mganga mwenye ungo na kuku wawili hana hizo. Kuna mtu analipa, na sijasikia hata mmoja wa aina hiyo akipandishwa kizimbani. Mwenye taarifa aweke hapa.

Kuna kitu nilikiona mwenyewe 2009, ile kura ya siri ya kuwataja wauaji. Tulipanga foleni shule ya msingi kijijini kwetu. Unapewa karatasi, unaandika unayemshuku, unakunja, unatumbukiza kwenye sanduku. Mbele yangu kulikuwa na mzee asiyejua kuandika, amekuja na mjukuu wake wa darasa la tano. Mtoto akaishika kalamu, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Guku (babu), niandike yule wa ng'ombe?" Foleni nzima ilicheka. Yule wa ng'ombe tulimjua wote, alikuwa na kesi ya malisho na huyo mzee tangu mwaka juzi yake. Sasa hiyo nayo ni taarifa ya kiintelijensia?

Kwa hiyo swali: polisi walishindwa kwa sababu ya uwezo, au walichagua kushika kilicho karibu?

Mchangiaji kutoka Geita:

Ndugu yangu, unaandika kama mtu aliyehamia mjini zamani. Umemtaja baba mzazi kama vile polisi walimwonea. Jiulize, wanaokuja usiku wanajuaje mtoto analala chumba gani? Wanajuaje leo mlango una komeo na jana haukuwa nalo? Hapa kwetu tukipiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, sungusungu wanafika kabla hujavaa viatu. Mtu akipita na mtoto bila kijiji kujua, jua kuna wa ndani.

Halafu tazama Muleba 2024. Mtoto wa miaka miwili alichukuliwa Mei 30, mwili ukapatikana Juni 17 kwenye mfuko, chini ya kalavati. Waliofikishwa mahakamani walikuwa tisa, wakiwamo baba na padri. Sihukumu mtu, kesi ni kesi. Lakini polisi wangeanzia wapi kama si nyumbani? Huyo tajiri wako wa dola 75,000 kila mtu anamwimba, hakuna aliyemwona. Mimi naanza kuamini bei hizo ndizo zinazowatia tamaa vijana, soko lenyewe huenda halipo.

Mchangiaji mwingine, amefanya kazi mahakamani:

Wote mnasahau jalada linavyotembea. Kesi ya mauaji inaanzia mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kuisikiliza. Kazi yake pale ni kutajwa tu: "upelelezi haujakamilika," inaahirishwa, wiki mbili, mshtakiwa anarudi mahabusu. Mwanamke mmoja mwenye ualbino aliuawa Geita 2008. Wanne, mumewe akiwamo, walihukumiwa kifo Machi 2015. Miaka saba! Shahidi wa kijijini kwa miaka saba amehama, amefariki, au amekaa kikao cha ukoo na washtakiwa.

Kuhusu mnunuzi, sheria inamfikia. Kula njama ni kosa, kushawishi ni kosa. Tatizo ni nani atamtaja. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja, kunyongwa, jaji hana pa kupunguza. Sasa mkataji akikaa mbele ya mpelelezi, akimtaja bosi anapata nini? Anahukumiwa kunyongwa vilevile, na familia yake inabaki na bosi mtaani. Makubaliano ya kukiri kosa ili upunguziwe adhabu yameingia kwenye sheria yetu 2019 tu. Wale wa Kwimba na Chato hawakuwa na mlango huo. Mnadai adhabu kali kila siku, lakini ukali huohuo ndio unaowaziba midomo.

Mleta mada:

Wa mahakamani, hapo umenipiga. Sikuwa nimeitazama adhabu upande huo, na mwaka 2009 Kahama walipohukumiwa watatu, mara ya kwanza kwa mauaji haya, mimi ni mmoja wa walioshangilia. Sikujiuliza walikuwa wanampelekea nani.

Wa Geita, la wa ndani nakubali, na sikusema baba asikamatwe. Ila wa ndani hakuamka tu asubuhi akaamua kuuza mtoto. Alifuatwa, au alipigiwa. Desemba 2014 simu zilikuwa hadi kwa wachunga ng'ombe, na laini zilishaanza kusajiliwa. Nani alipigiana na nani Ndamhi wiki ya Krismasi? Hicho ndicho ningetaka kusikia kwenye mkutano na waandishi wa habari, badala ya vibuyu.

Na kama soko halipo kama unavyosema, basi hilo lingetangazwa kwa sauti kuliko zawadi ya milioni tatu. Kijana anayenoa panga Bukombe au Sengerema akisikia hakuna wa kumlipa, huoni kama angelala? Tumepoteza zaidi ya watu 70 kati ya 2000 na 2015 kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, na hadi leo hatujui kama kuna mnunuzi au ni uvumi unaoua wenyewe. Watoto waliobaki tuliwajaza kwenye shule za Buhangija na Mitindo, nyuma ya ukuta. Hiyo nitaianzishia mada yake, ina maumivu yake.

Kwa sasa naomba mtu mmoja tu. Aliyekuwa Kwimba usiku ule au asubuhi yake: mwano ulipigwa saa ngapi, polisi walifika saa ngapi, na barabara ya kutokea Ngudu, makao makuu ya wilaya, iliwekwa kizuizi au haikuwekwa?