Tupeane uzoefu: unaweka akiba vipi na hela zinazokuja kidogo kidogo?

Nyar_Kibuye:
Habari zenu watu wangu. Mashauri mengi ya akiba yanaanza na "ukipata mshahara", sasa sisi ambao hatuna mshahara tufanyeje? Nauza mitumba hapa Kibuye Kisumu, Jumapili naweza toka na hela nzuri halafu Jumanne nikae mpaka jioni sijauza hata blauzi moja. Nataka tuelezane vile mtu anafanya kwa ukweli.

Mimi naanza. Hela ya wateja inaingia Pochi la Biashara, ile pochi ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, ya nyumba iko kwa M-Pesa yangu, hazichanganyiki. Jioni kabla nifunge mzigo najilipa kama vile ningelipa mtu nimemwajiri, siku mbaya 200, siku nzuri 500 na haizidi hapo hata niuze nusu ya belo, lile furushi kubwa la mitumba. Kinachobaki ni cha belo lingine. Hiyo ya kutojiongeza siku nzuri ndio ngumu na ndio inasaidia, kwa sababu Jumapili ndio inalisha Jumanne.

Piki_Nyalenda:
Asante mama kwa kuanzisha hii. Mimi naomba watu waangalie makato. Ukitoa 200 kwa wakala unakatwa 29, ukitoa 2,500 ni 29 hiyo hiyo. Sasa mtu anatoa 200 asubuhi, 200 mchana, 200 jioni, hapo 87 imeenda na hujanunua hata andazi. Mimi natoa mara moja nakaa nayo, mafuta nalipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya biashara, hiyo mnunuzi hakatwi kitu.

Ingine ni chama ya steji yetu ya boda. Tuko 12, kila jioni kila mtu anaacha mia kwa mweka hazina na mmoja anabeba 1,200. Zamu yangu ikifika siishiki hata, mweka hazina anaituma moja kwa moja kulipia piki. Nikishaishika tu kuna mtu atapiga simu ako na shida.

Mwalimu_Lurambi:
Hapo kwa "siishiki" umenena. Sisi walimu Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, inakata kabla mshahara haujafika kwa akaunti, kwa hivyo ile naona kwa payslip ndio naita mshahara, sihesabu ingine. Na akiba ya Sacco huwezi itoa vile unataka ukiwa bado mwanachama, ila unaweza kopa mpaka mara 3 ya hiyo akiba, mimi nilijenga hivyo.

Lakini niseme kitu kinaniuma. Mkopo unataka wadhamini, na mwenzangu mmoja nilimdhamini akaacha kazi akaacha na kulipa, tukaanza kukatwa sisi. Msisaini fomu ya udhamini kwa haya tu kwa sababu mko staffroom moja, soma ni kiasi gani cha akiba yako kinafungwa. Na kama unajiunga na Sacco inayopokea amana, angalia kama iko kwa orodha ya SASRA, wale wa serikali wanaosimamia Sacco, huwa wanaitoa kila mwaka.

MamaTwins_FreeArea:
Mimi niko Nakuru na akiba yangu iko jikoni. Kununua kwa kupima ndio kunatumaliza, mafuta ya kupima, sukari ya kupima, gorogoro ya mahindi leo na ingine keshokutwa, ukipiga hesabu kilo kwa kilo unaona kadogo ndio ghali. Tuko majirani wanne kwa ploti, tunachanga tunanunua kwa jumla tunagawana.

Mahindi nanunua baada ya mavuno, Novemba Desemba hivi, kabla bei ipande ile miezi ya mwaka mpya kuelekea kupalilia. Naweka gunia la kilo 90. Usilinunue likiwa na maji! Chukua punje uziume, ikilia kwa meno ni kavu, ikibonyea wacha kwanza au uanike kwa turubai. Halafu nahamishia kwa ile mifuko isiyopitisha hewa, nakamua hewa yote nafunga kwa kamba, dumuzi akikosa hewa anakufa mwenyewe bila dawa. Tunasaga kidogo kidogo kwa posho mill. Ile hela ingeenda kwa pakiti za unga naituma M-Shwari, ile akiba ya ndani ya M-Pesa, nailoki mpaka shule zifungue, Njaanuari inanipata niko tayari.

Kijana_Milimani:
Mama, heshima kwako, lakini hela ikilala na faida ndogo bei zinaikula. Mimi ya dharura nimeweka kwa MMF (money market fund, mfuko wa uwekezaji wa pamoja), hizo zinasimamiwa na kampuni zenye leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kila siku inaongeza kitu kidogo na nikiihitaji naipata ndani ya siku chache.

MamaTwins_FreeArea:
Sawa mwanangu, kila mtu na njia yake. Lakini hiyo ya kuitoa ndani ya siku chache kwangu ingeisha. Mimi nataka yenye kufuli.

Nyar_Kibuye:
Nimefurahi sana. Sasa nani ako na jibu la matanga? Huku kwetu unaweka vizuri miezi yote halafu simu moja inakuja, nauli, jeneza, chakula cha wageni, na huwezi kataa, ni mtu wako.

Omukhana_Bungoma:
Dada hiyo sisi tuliiwekea mfuko wake. Kila nyumba ya ukoo inatoa 200 kwa mwezi iwe kuna msiba au hakuna, inakaa akaunti ya benki yenye watu watatu wa kusaini. Msiba ukitokea tunaanzia hapo, na nyumba yenye msiba haiombi mtu.

Piki_Nyalenda:
Na asiyetoa?

Omukhana_Bungoma:
Hanyimwi, tutamzika mtu wake vizuri. Lakini zile miezi hakutoa zinaandikwa deni na anazimaliza polepole. Kitabu kiko kwa shangazi, mwisho wa mwezi anapiga picha ukurasa anatuma kwa grupu kila mtu aone.