Mzee wangu wa stoo na watoto wa elfu mbili hawaivi kabisa, mnawaendeshaje?

Dagaa_Mkavu:
Wakuu heshima kwenu. Nina stoo ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, watu saba. Mmoja ni mzee wa miaka 59, nimemrithi kwa marehemu baba, yule akichota dagaa kiganjani tu anakwambia hawa wameanikwa mchangani, hawa wa kwenye chanja, hawa walinyeshewa. Waliobaki vijana, wawili wana miaka 21. Mzee anaandika mzigo kwenye daftari, vijana wanapiga picha kila gunia likiingia na likitoka wanatuma kwenye grupu la WhatsApp, na mzee grupu hataki hata kulisikia, simu yake ya tochi. Juzi kaja mteja wa Kongo anataka gunia 40, daftari linasema zipo 36, grupu linasema 41, tukahesabu kwa mkono zikawa 38 😂 yaani wote wamekosea ila kila mmoja anamcheka mwenzake. Mzee kanuna siku tatu, anasema hawa watoto hata shikamoo wanaitoa kama wanadaiwa. Vijana nao ukiwaambia wabaki mpaka saa mbili usiku tupakie gari wanauliza hela iko wapi, wakati enzi za baba watu walikuwa wanabaki tu. Mimi nina 33, mzee ananiita mwanangu mbele ya wateja, vijana wananiita bro. Naombeni uzoefu.

kijana_wa_Mabatini:
Bro kwenye hela usitulaumu. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, ukizidisha unalipa mara moja na nusu, sasa wewe unaleta stori za enzi za baba. Na shikamoo tunatoa ila mzee anaitikia huku anatukana, nani atarudia?

Mama Mikate Buzuruga:
Dogo wa hapo juu ana hoja japo ana mdomo.
Mwanangu mwenye stoo, ngoja nikupe yangu. Nilikuwa na baba mmoja wa oveni ya kuni, miaka 55, mikate yake watu wanapanga foleni. Nikanunua oveni ya umeme, nikaajiri kijana katoka VETA, nikasimama mbele ya wote nikatangaza kuanzia kesho mkuu wa oveni ni huyu kijana. Yule baba akaitika "sawa mama", kesho yake hakuonekana. Wiki hiyohiyo umeme ukakatika usiku kucha, unga umeumuka unanitazama, kijana hajui hata kuni zinapangwaje. Nilienda kwake Igoma na kilo tano za sukari kuomba radhi, akarudi, ila ilinichukua mwezi mzima anitazame usoni. Kosa halikuwa oveni, ningemwita pembeni kabla. Kwa hiyo huyo mzee wako usimuulize mambo ya hesabu mbele ya vijana, muite peke yake, kaa chini, msikilize kwanza.

Karabai:
Mi naona subiri mbalamwezi. Si mitumbwi ya dagaa inapaki, stoo inakuwa kimya? Siku hizo mpe mzee vijana wawili awafundishe kupanga madaraja ya dagaa, hapo yeye ndo mwalimu, na wao wamhesabie magunia yeye akiandika. Sisi tumefanya hivyo huku Ukerewe, mmoja kaelewa, mwingine kakimbilia bodaboda, ndo maisha.

kijana_wa_Mabatini:
@Karabai na hizo siku za mafunzo mnalipa?

Karabai:
Nusu kutwa na ugali. Usianze.

Dagaa_Mkavu:
Wabeja sana wadau. Nimemuita mzee jana jioni tukakaa nje tunakunywa chai, sikugusa daftari. Kaongea mwenyewe. Kumbe macho! Anaona kwa shida tangu mwaka jana, 8 anaandika 3, na kwenye simu haoni kitu kabisa ndo maana analichukia grupu, alikuwa anaogopa nikijua nitamwambia apumzike. Jumatatu nampeleka kupima miwani. Vijana nao nimewabana, kumbe gunia likirudishwa na mteja wanapiga picha upya linahesabika mara mbili.
Ovataimu nimetangaza leo asubuhi, nitalipa. Wa kwanza kuja kuulizia ya wiki iliyopita ni mzee.