Tupeane uzoefu: mzigo mwepesi katika safari ndefu ya baiskeli

Mleta mada
Ndugu wanachama, ningependa tusimuliane jinsi kila mmoja wetu alivyopunguza mzigo wa safari ya siku nyingi kwa baiskeli, pamoja na kile alichokiacha akaja kukijutia. Safari yangu ya kwanza nilipakia kilo 22 kwenye keria ya nyuma. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya kilima, nilisikia mlio mkali kama wa uzi wa gitaa unaokatika, na gurudumu la nyuma likaanza kusugua breki kila lilipozunguka: spoku mbili za upande wa gia zilikuwa zimekatika. Spoku za upande huo aghalabu hazipachikiki mpaka seti ya gia ifunguliwe kwa zana yake maalumu, na zana hiyo sikuwa nayo, ingawa suruali za jinzi nilikuwa nazo mbili. Niliporudi nilitandaza vitu vyote mkekani, nikatenga vile ambavyo sikuvigusa hata mara moja, nikavipima kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni. Vilifika kilo 7.

Mchangiaji wa kwanza
Naafikiana nawe, ila uzito ni jambo moja na mahali unapokaa ni jambo jingine. Mimi nilishuka hadi kilo 9, nikaachana na keria, nikafunga mabegi kwenye usukani, ndani ya fremu na nyuma ya kiti. Kwa kujivunia wepesi huo nilirundika hema, jiko na chakula mbele; kwenye mteremko wa kwanza usukani ukawa mzito kukata kona, na ulitikisika kila nilipoachia mkono mmoja. Sasa zana, chakula na maji hukaa ndani ya fremu, chini kadiri inavyowezekana, na usukani haubebi ila vitu vyepesi vinavyojaza nafasi. Maji nayo yana hesabu yake, kwani kila lita ni kilo nzima, kwa hiyo hutazama kwanza ramani nijue pa kujaza tena, badala ya kupanda vilima na lita 4 tangu alfajiri.

Mchangiaji wa pili
Mimi niliumia kwenye mfuko wa kulalia. Nilichagua wa manyoya ya bata kwa sababu ni mwepesi na hukunjika ukawa mdogo, lakini mvua ikapenya begi, na manyoya yakilowa hushikamana, hayahifadhi joto tena. Usiku ule nilikesha nimekaa, nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo. Siku hizi naufungia ndani ya mfuko usiopitisha maji, mdomo nimeukunja mara tatu.

Mchangiaji wa tatu
Nilikata mpini wa mswaki ili kuokoa gramu chache, huku nimebeba kufuli la chuma la kilo moja na nusu. Mswaki huo mfupi huniudhi kila asubuhi. Kufuli bado nalibeba, na kama yupo mwenzetu aliyepata namna ya kuliacha bila kulala na baiskeli hemani, naomba anieleze.