Mjadala: Mwenye gari Kigoma ataliacha lini nyumbani apande daladala?

Wadau wa Kigoma na Ujiji, naweka hoja mezani, na anayepinga apinge waziwazi.

Kuna maneno yanazunguka vijiweni: wenye magari binafsi watozwe ushuru mkubwa kila wakiingia eneo la soko la Mwanga, ili wazoee daladala. Upande wa pili unajibu kwamba Kigoma si Dar, foleni hatuna, tusijitafutie shida za miji ya watu. Mimi sikubaliani na upande wowote. Nataka magari binafsi yapungue barabarani, tena yapungue sana. Ila mwenye gari hatutampata kwa kumkamua, wala kwa kumhubiria mazingira. Tutampata siku daladala itakapoondoka kituoni kwa saa yake, ijae isijae.

Nenda Ujiji alfajiri haisi zinapopakia. Konda ameshika noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole, anaita, "Mwanga, Kigoma, wawili tu, wawili tu!" Unaingia, unakuta siti tano wazi. Dereva anaungurumisha injini, gari linasogea kidogo mbele, aliyekuwa anasitasita barabarani anakimbilia mlango. Akishakaa, gari linarudi nyuma palepale lilipokuwa. Vijana wawili waliokaa siti ya nyuma wanateremka. Kumbe ni wapiga debe, waliwekwa humo ili gari lionekane limekaribia kujaa. Mwalimu anayetakiwa kazini saa 1:30 anatazama simu yake kwa mara ya nne. Kesho huyo mwalimu akipata mkopo atanunua gari, na hakuna wa kumlaumu.

Watu humtukana dereva. Mimi naona tumkague aliye nyuma yake, na huyo ni hesabu. Tajiri ana gari, dereva anapewa gari, na jioni dereva anapeleka kiasi kilekile walichokubaliana, siku iwe nzuri au mbaya. Kiasi hicho ndicho kinachoitwa hesabu. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo ya siku, tena mafuta ya Kigoma bei yake ni kati ya zilizo juu nchini, maana yanasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndiyo riziki ya dereva na konda. Kwa mfumo huo, siti tupu inakatwa kwenye chakula cha watoto wake. Lazima asubiri ijae. Akichelewa kwa kusubiri, lazima akimbize na apakie mpaka watu waning'inie mlangoni. Unaweza kumpa semina ya huduma kwa wateja kila mwezi, hesabu ikibaki vilevile naye atabaki vilevile.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowaacha wanafunzi kituoni. Nauli ya mwanafunzi ni Sh 200, haifiki hata nusu ya ile ya mtu mzima, kwa hiyo konda akiona sare anageuza uso. Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na sisikii watu wakipasema. Wazazi wengi wenye magari hawaendeshi asubuhi kwa sababu wanapenda kuendesha. Wanapeleka mtoto shule. Wakishamshusha mtoto, gari liko mkononi tayari, wanaendelea nalo kazini na linashinda juani mpaka jioni. Ukimhakikishia mzazi huyo kwamba mtoto wake wa darasa la nne atapakiwa, atakaa, na atashushwa mahali salama, umeondoa sababu kubwa ya gari lile kutoka nyumbani.

Wapo wanaosema dawa ni kushusha nauli, au usafiri uwe bure kabisa. Mji wa Tallinn, Estonia, ulifanya hivyo mwaka 2013 kwa wakazi wake. Abiria waliongezeka, ila wengi wa walioongezeka ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Wenye magari walioacha magari walikuwa wachache. Inaeleweka. Mtu anayeweza kujaza mafuta ya Kigoma hababaiki na mia mbili tatu za nauli. Kinachomsumbua ni kutojua atafika saa ngapi.

Na wale wa ushuru wa Mwanga, ambao hupenda kutolea mfano London, wakumbuke jambo moja. Ushuru wa kuingia katikati ya jiji lile ulianza Februari 2003, na siku ileile mabasi 300 ya ziada yaliingizwa barabarani. Aliyekataa kulipa alikuta basi linamsubiri. Sisi tukiweka ushuru leo, aliyekataa kulipa atakuta "wawili tu" na siti tano wazi. Hiyo itakuwa faini ya kuishi Kigoma.

Sasa kwa wenzangu wa "foleni hatuna". Ni kweli hatuna, na ndiyo maana nasema tuanze sasa. Dar ilisubiri mpaka ikakabwa koo, mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ikaanza kubeba watu mwaka 2016 baada ya Barabara ya Morogoro kuvunjwavunjwa na kujengwa upya kwa fedha nyingi mno. Mji wetu umekaa vizuri kwa jambo hili kuliko miji mingi. Ukitoka Ujiji unakuja Mwanga, ukitoka Mwanga unashuka mpaka stesheni na bandarini. Sehemu kubwa ya watu wetu, ambao ni zaidi ya laki mbili, wako kando ya njia hiyo au wanaivuka kila siku. Ruti moja tu ikienda kwa saa, mji mzima utaiona.

Pendekezo langu ni hili. Tuanze na Ujiji–Mwanga–Kigoma mjini, asubuhi na jioni tu. Mchana waendelee kama kawaida. Kuanzia saa 12:00 mpaka saa 2:30 asubuhi gari liondoke kila baada ya dakika 10. Hizo ni safari kama 15 kwa upande mmoja. Haisi ikibeba 14 waliokaa, bila hata mmoja kusimama, ni watu 210. Zikiwekwa kosta, ni mara mbili yake. Fikiria kila mmoja wa hao angekuja na gari lake kutafuta pa kuegesha pale Mwanga. Kwa saa hizo matajiri waingie kwenye chama kimoja, makusanyo yaende kapu moja, na mgawo ufuate safari zilizofanyika kwa wakati, sio idadi ya vichwa. Dereva na konda walipwe posho ya zamu. Hapo mwanafunzi na mtu mzima watakuwa sawa machoni pa konda.

Siti tupu zitafidiwa na nani? Sehemu ya ushuru wa maegesho wa mjini. Anayeegesha amchangie anayepanda. Na hapo, huduma ikishasimama miezi kadhaa bila kuyumba, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono ushuru wa Mwanga.

Vijana wa bajaji na bodaboda wana hofu ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini milima ya mji huu haisi haiipandi yote. Anayeshuka barabara kuu akienda Bangwe au Katubuka bado atahitaji wa kumfikisha mlangoni, na abiria wakishuka kwa saa inayojulikana, mwenye bajaji atajua wapi pa kuwasubiri. Suala la hadhi, kwamba bosi hawezi kuonekana ndani ya haisi, silipi uzito mkubwa. Bosi huyohuyo akienda Dar kikazi anapanda mwendokasi na tai yake shingoni.

Ninachotaka kusikia sasa ni kutoka kwa wenye magari ya abiria wenyewe. Mkihakikishiwa mgawo wenu wa asubuhi kila wiki, gari lenu litaondoka saa 12:40 likiwa na watu sita? Kama jibu ni hapana, semeni ni kiasi gani kingewafanya mkubali, tuanzie hapo kubishana.