Naomba ushauri: Zoom inakwendaje kwenye laptopu mpya za ARM?

MwalimuUyole
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Uyole, Mbeya, nafundisha wageni Kiswahili kwa Zoom, na ndiyo kazi inayonilisha. Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha 8. Nikiwasha kamera huku nashea skrini, feni inavuma mpaka mwanafunzi anaisikia, sauti inakatakata, na umeme ukikatika betri haifiki mwisho wa kipindi.

Nimejikusanya, nataka kubadilisha. Kuna MacBook Air M1 ya mtumba, na kuna hizi mpya za Windows zenye prosesa ya Snapdragon X. Zote mbili prosesa zake ni za aina ya ARM, siyo Intel kama yangu. Muuzaji mmoja Mwanjelwa kaniambia Snapdragon haipatani na programu nyingi. Ni kweli?

Fundi_Kabwe
Mwalimu, usitoe hela kwanza. Ukiwa katikati ya kipindi fungua mipangilio ya Zoom, ingia Statistics. Pale inaonyesha CPU, yaani prosesa, inatumika kiasi gani, na kwenye sauti na video inaonyesha pakiti (vipande vya data) zinazopotea njiani. CPU ikiwa juu na pakiti hazipotei, mashine imechoka. CPU ikiwa imetulia na pakiti zinapotea, huo ni mtandao, na laptopu mpya haitakusaidia. Kwa watu wawili Zoom inahitaji kama kbps 600 kwenda na kurudi, na Mbps 1.2 ukitaka picha ya ubora wa 720p. Pima hasa ile ya kwenda, maana watu wengi wanapima ya kushusha tu.

Mkinga_Halisi
Muuzaji ana ukweli nusu. Prosesa za ARM hazisomi moja kwa moja programu zilizoandikwa kwa Intel, lazima zipite kwa mkalimani. M1 ilipotoka Novemba 2020, Zoom ilikuwa inapitia Rosetta 2, mkalimani wa Apple, lakini Desemba hiyohiyo ikaja Zoom iliyoandikwa kwa ajili yake. Laptopu za Snapdragon X ziliingia sokoni Juni 2024, mkalimani wake anaitwa Prism, na Zoom ya ARM64, yaani iliyoandikwa kwa prosesa hizo, ipo.

Tatizo ni watu kuweka Zoom waliyopewa kwenye flashi. Ile ya x64, yaani ya Intel, inafunguka vizuri tu, kumbe inatafsiriwa muda wote na betri inaliwa. Fungua Task Manager, kwenye Details ongeza safu ya Architecture: iandikwe ARM64. Kwenye Mac fungua Activity Monitor, safu ya Kind isome Apple.

Kitu cha kuogopa kwenye Snapdragon ni draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa kama printa. Prism haitafsiri draiva, kwa hiyo printa ya zamani inaweza kugoma kabisa.

Dada_Kihesa
Natumia M1 hapa Iringa kwa vikao vya kazi. Air haina feni, kwa hiyo hakuna cha kuvuma, na umeme ukikatika naendelea na kikao bila wasiwasi. Kamera yake ni 720p, kaa uso ukielekea dirishani.

Ila mtumba, mwalimu, ukague kwa macho yako. Betri yake imepangiwa mizunguko 1,000 ya kuchaji, idadi iliyokwisha tumika iko kwenye System Information. Hakikisha akaunti ya mwenye awali imetolewa, na muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Ikitokea skrini ya Remote Management, ondoka, hiyo bado iko mikononi mwa kampuni au shule fulani. Na RAM haiongezeki, ukiweza chukua ya GB 16.

MwalimuUyole
Asanteni sana. Nimepima leo kwenye kipindi: CPU inagusa asilimia 95, pakiti hazipotei. Ni mashine. Nina printa ya zamani ya kuchapia mazoezi, kwa hiyo Snapdragon naiacha. Kesho naenda kuikagua M1.

Fundi_Kabwe
Kagua na printa yako pia kama ina draiva ya Mac. Wakati unasubiri, zima ule ukungu wa kuficha nyuma yako kwenye Zoom. Kwenye i5 hiyo ndio unaokula CPU kuliko unavyodhani. Tundika kitenge ukutani.

MwalimuUyole
Nimezima sasa hivi. Feni imeshuka, mkuu.